Undugu wa Miji ni wa Kuchanjiana

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Mombasa



Kamati imenitaka niseme mbele yenu juu ya jambo liitwalo undugu wa miji, yaani mapatano ambayo kwayo mji mmoja hujifunga na mji mwingine wa nchi ya mbali, ili watu wa miji hiyo miwili wajuane, watembeleane, wafundishane na kusaidiana. Nimelipokea agizo hilo kwa furaha, kwa kuwa najua kwamba chamani mwetu mna fikira za namna mbili juu ya jambo hili. Vijana wanasema mlango na ufunguliwe upesi, maana dunia haimngoji aliyelala. Wazee kwa upande wao wanauliza maswali mawili. La kwanza, safari hizi za ng'ambo zimemletea faida gani mtu wa Majengo, wa Likoni au wa Kisauni? La pili, watoto wetu wakipokea mambo ya wageni, je, hawatayatupa ya kwao? Maswali haya ni ya haki, na hayajibiwi kwa kupiga makofi. Basi nitajaribu kuyajibu kwa kuonyesha mambo yaliyotendeka, kisha nitaleta shauri langu mbele ya mkutano huu.

Kwanza tulitazame jina lenyewe. Waingereza husema miji pacha, Wamarekani husema miji dada, na Wajerumani husema miji shirika. Lakini Warusi wana neno lao ambalo mzee wa Kiafrika hahitaji kufasiriwa, kwani huiita miji iliyoapiana udugu, kama watu wawili wasiozaliwa tumbo moja ambao wameamua wenyewe kuwa ndugu. Sisi desturi hiyo tunaijua. Makabila mengi ya Afrika ya Mashariki yalikuwa nayo, na wasafiri wa misafara waliitumia ili wapite salama katika nchi za watu. Tuliiita kuchanjiana. Mila hiyo sasa imekwisha kuwa nadra, lakini wazee wanakumbuka sharti lake kubwa: chale haikutiwa kwa mtu mmoja. Kila mmoja alitoa damu yake, na kila mmoja akaionja ya mwenziwe. Aliyetaka kupokea bila kuchanjwa hakuwa ndugu, alikuwa mwombaji. Naomba mliweke sharti hili moyoni, maana maneno yangu yote ya leo yatalizunguka.

Huenda mtu akadhani kwamba undugu wa miji ulibuniwa na wakubwa katika karamu zao. Sivyo. Ulikua hasa katika vita vikuu vya pili vya dunia, na ulianzishwa na watu waliokuwa katika dhiki. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Wajerumani ziliupiga mabomu mji wa Coventry, Uingereza. Watu zaidi ya 500 wakafa, na kanisa kuu la mji likateketea, zikabaki kuta tupu. Mwaka 1942 mji wa Stalingrad katika nchi ya Urusi ukazingirwa na vita vya kutisha kuliko hivyo. Wanawake wa Coventry, ambao wenyewe walikuwa bado wanazoa vifusi vyao, wakatengeneza kitambaa cha meza wakatarizi juu yake majina yao, zaidi ya 800. Kila aliyetia jina alitoa na senti zake chache, na kitambaa kikapelekwa Stalingrad pamoja na fedha hizo. Maneno waliyoyatarizi hapo maana yake ni kwamba msaada mdogo hupita huruma nyingi. Mwaka 1944 miji hiyo miwili ikafunga undugu rasmi. Tazameni mpango wake, mabwana: jina la mwanamke mmoja na senti zake vilitangulia, na sahihi ya meya ikafuata nyuma.

Mfano wa pili ni wa watoto wa shule. Mji wa Brest katika Ufaransa uliharibiwa vibaya sana katika mapigano ya mwaka 1944. Baada ya vita mwalimu mmoja wa lugha kutoka mji wa Denver, Marekani, jina lake Amanda Knecht, aliuzuru mji huo akaona uharibifu ule. Aliporudi darasani hakuandika barua kwa serikali, bali aliwaambia wanafunzi wake aliyoyaona, akawataka wafanye jambo. Watoto wale wakachanga sarafu za senti kumi kumi hadi zikafika dola 32,000, nazo zikapelekwa Brest kujenga upya sehemu ya watoto ya hospitali ya mji. Mwaka 1948 Denver na Brest wakawa ndugu. Mji huohuo wa Denver ndio uliofunga undugu na mji wetu mkuu wa Nairobi mwaka 1975, na huko Denver ipo bustani ya watu wote iliyopewa jina la Nairobi.

Mwezi wa Septemba 1956 Rais Eisenhower wa Marekani aliitisha mkutano kuhimiza watu wa kawaida wa mataifa mbalimbali wakutane wao kwa wao, na tangu hapo undugu wa miji ukaenea Marekani yote. Eisenhower alikuwa jemadari aliyeongoza majeshi katika vita vikuu. Mtu aliyejua kazi ya bunduki kuliko wengi alitambua kwamba mapatano ya serikali peke yake hayatoshi kulinda amani, na kwamba ni vigumu kumchukia mtu uliyelala nyumbani kwake ukala chakula cha mkewe.

Lakini msidhani kwamba undugu huu hufungwa na marafiki tu. Mji wa Dresden, Ujerumani, ulipigwa mabomu na ndege za Waingereza na Wamarekani mwezi wa Februari 1945, na watu wapatao 25,000 wakafa. Basi Coventry, uliochomwa na Wajerumani, na Dresden, uliochomwa na Waingereza, wakafunga undugu mwaka 1959. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Kijerumani walikwenda Coventry wakafanya kazi kwa mikono yao katika magofu ya lile kanisa la zamani, na mwaka 1965 vijana wa Kiingereza wakaenda Dresden kusaidia kujenga tena hospitali iliyobomolewa na mabomu. Hapo ndipo mnapoona chale katika miili yote miwili. Hakuna aliyesema, "Mimi ndimi niliyeumizwa, kwa hivyo wewe utoe nami nipokee." Kila upande ulibeba tofali.

Bwana Mwenyekiti, sasa nirudi pwani yetu, maana mambo haya hayakuletwa kwetu na Wazungu. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika katika nchi ya China wakamletea mfalme mkuu wa huko zawadi ya twiga, mnyama ambaye watu wa China walimtazama kwa mshangao mkubwa. Baadaye merikebu za amiri Zheng He zilikuja mpaka pwani hii. Watu wa Malindi hawakungoja kupewa kwanza. Walitazama nini walicho nacho ambacho mwenzao hana, wakakitoa, na kwa hicho wakajulikana mbele ya mfalme aliyekuwa miongoni mwa wakubwa kabisa duniani siku zile.

Tena kwa karne nyingi pepo za kaskazi zilituletea majahazi kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi, na kusi ikayarudisha. Baharia aliyefika kwa kaskazi alilazimika kungoja kusi miezi mingi, na katika kungoja huko akajifunza lugha, akapata marafiki, pengine akaoa. Kwa hivyo mgeni wetu hakuwa mtu wa kupiga picha na kuondoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na huyu tulimpa jembe kwelikweli.

Hapa napata jibu la swali la pili la wazee, lile la mila. Hofu yao si ya bure, lakini naomba waitazame lugha hii ninayosema nayo. Kiswahili kilipokea neno kitabu kutoka kwa Waarabu. Kwa Mwarabu silabi ile ya kwanza ni sehemu ya neno tu, wala haina kazi nyingine. Mswahili aliisikia, akaifananisha na ile ya kiti na kisu, akaliweka neno pamoja nayo katika ngeli yake, na kama vile viti na visu, akasema vitabu. Tulipokea meza na leso kutoka kwa Wareno, tukapokea gari kutoka Bara Hindi, wala lugha yetu haikugeuka kuwa Kireno au Kihindi. Maneno yaliingia yakatii sheria ya nyumba. Basi la kuuliza si kama tupokee au tusipokee, bali kama nyumba yetu ina sheria. Kijana aliyefundishwa kwao, ajuaye salamu, ajuaye heshima ya wakubwa na historia ya mji wake, akienda ng'ambo atarudi na vitabu. Kijana asiyefundishwa lolote hatangoja kwenda ng'ambo ili apotee, kwani atapotea papa hapa Mombasa. Malezi ni kazi yetu sisi, na hatuwezi kuwatwisha wageni lawama ya kazi tuliyoiacha.

Na kwamba kijana aweza kwenda akarudi na faida, historia ya Kenya yenyewe ni shahidi. Mwezi wa Septemba 1959 vijana 81 walipanda ndege Nairobi kwenda kusoma katika vyuo vya Marekani, kwa juhudi za marehemu Tom Mboya na rafiki zake wa huko. Kufikia mwaka 1963 walikuwa wamekwenda karibu 800 kutoka Afrika ya Mashariki, wengi wao Wakenya. Kwa upande wa Marekani walichanga watu wengi wa kawaida, wakiitikia wito wa watu mashuhuri weusi kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, na mwaka 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Lakini na huku nyumbani wazazi, majirani na vijiji walifanya mikutano ya chai na michango ili mtoto wao apate nguo na fedha ya mkononi. Katika walioondoka mwaka 1960 alikuwamo Wangari Maathai, aliyesoma katika chuo cha watawa katika mji mdogo wa Atchison, Kansas. Alirudi, na mwaka 1977 akaanzisha kazi ya kupanda miti pamoja na akina mama wa vijijini, na mwaka 2004 akapewa Nishani ya Amani ya Nobel. Alipokea elimu kwa wageni, akaitumia katika shamba la mwanamke wa Kiafrika. Hivyo ndivyo vitabu vinavyotoka katika kitabu.

Majirani zetu wa Mwanza nao wana la kutufundisha. Mji wao ulifunga undugu na mji wa Würzburg, Ujerumani, mwaka 1966, na undugu huo ungali hai baada ya nusu karne na zaidi. Würzburg nao ulikuwa umeteketezwa kwa mabomu tarehe 16 Machi 1945, kwa hivyo watu wake walijua maana ya kuanza upya. Nini kilichouhifadhi undugu huo muda wote huo, hali mapatano mengine mengi yamekufa kabla ya wino kukauka? Naona sababu ni kwamba ulishikwa na kazi maalumu. Würzburg mna taasisi ya uganga wa kimisheni iliyoanzishwa mwaka 1922, na Mwanza ina hospitali kubwa ya Bugando iliyofunguliwa mwaka 1971. Kwa hivyo madaktari walikuwa na la kuzungumza na madaktari, na walimu na walimu. Mameya hubadilika kila uchaguzi, lakini mgonjwa yupo kila siku, na kazi ya kila siku ndiyo iwekayo urafiki.

Sasa tufike nyumbani hasa. Mji wetu wa Mombasa ulifunga undugu na mji wa Seattle, Marekani, mwaka 1981. Seattle si wageni katika mambo haya. Walifunga undugu na Kobe, Japani, mwaka 1957, wakati majeraha ya vita baina ya mataifa yale mawili hayajapoa. Mwaka 1973 wakafunga na Tashkent, na huo ukawa undugu wa kwanza baina ya mji wa Marekani na mji wa Muungano wa Kisovieti, hali serikali zao zilikuwa zikitazamana kwa jicho la uadui. Mwaka 1988 watu wa kujitolea kutoka Seattle walikwenda Tashkent wakajenga bustani ya amani pamoja na wenyeji, wakaipamba kwa vigae vilivyochorwa na watoto. Basi ndugu tuliyempata ni mtu wa kazi. Lakini niwaulize, wanachama: katika mkutano huu ni wangapi waliokuwa wanajua habari ya mwaka 1981 kabla ya leo? Na kama wengi wetu hatukujua, ni nani atakayeuweka hai undugu huo?

Hapa ndipo penye jibu la swali la kwanza la wazee. Mahali pengi undugu wa miji haukumfaa mtu wa mtaani kwa sababu uliachwa mikononi mwa wakubwa peke yao. Tangu mwaka 2013 mambo ya mji wetu yako chini ya serikali ya kaunti, na kabla yake yalikuwa chini ya baraza la mji. Viongozi wana haki ya kutia sahihi na kusafiri kwa ajili yetu. Lakini mkataba uliotiwa sahihi ukafungiwa kabatini ni kama undugu wa nazi, ambazo hukutana chunguni. Watu hukutana kwenye karamu, hupeana vinyago na bendera, kisha kila mmoja hushika njia yake mpaka karamu nyingine.

Tena undugu wa sahihi tupu hufuata upepo wa serikali. Mwaka 2022, majeshi ya Urusi yalipoingia Ukraini, baraza la Coventry lilisimamisha uhusiano wake na Volgograd, mji ambao ndio ule wa Stalingrad uliobadilishwa jina mwaka 1961. Sitaki kuhukumu jambo hilo, kwani vita vina hesabu yake. Nasema tu kwamba baraza laweza kusimamisha mkataba katika mkutano mmoja, lakini majina yaliyotariziwa na wale wanawake hayawezi kufumuliwa kwa kura.

Bwana Mwenyekiti, shauri langu lina mafungu manne.

La kwanza, Chama kisianze kwa kuandika orodha ya mahitaji. Kianze kwa kuandika orodha ya vitu tuwezavyo kutoa. Wengine watasema sisi ni maskini, tutatoa nini? Wahenga wamekwisha jibu: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tuna lugha ambayo watu wa ng'ambo wanalipa fedha kujifunza. Tuna mafundi wa kuchonga milango, akina mama wajuao maneno ya leso na mapishi ya pwani, na wazee wanaokumbuka habari za mji ambazo hazijaandikwa. Hivyo ndivyo twiga wetu wa leo.

La pili, tuchague kazi moja tu, tena ndogo, tuishike. Mimi napendekeza shule moja ya hapa iandikiane na shule moja ya Seattle, barua na michoro, na wanachama wachange gharama za upande wetu wenyewe hata kama upande wa pili uko tayari kulipa zote. Yatupasa kukataa kwa adabu kulipiwa kila kitu, maana anayelipiwa kila kitu hana neno barazani.

La tatu, mgeni akija na alale majumbani mwetu, asifungiwe hotelini. Ale wali wetu, asikie kelele za watoto wetu, aone na shida ya maji. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji hatapona ikiwa mgeni hakufika mlangoni pake.

La nne, mweka hazina afungue daftari yenye kurasa mbili zinazoelekeana, moja ya tulichotoa na moja ya tulichopokea, nayo isomwe kila mwaka katika mkutano kama huu, mbele ya wazee. Na kijana yeyote atakayepata safari kwa jina la Chama asimame hapa akirudi, aseme amejifunza nini na atamfundisha nani. Ukurasa wa kutoa ukibaki mtupu miaka miwili, basi na tuufunge undugu huo kwa heshima kuliko kuendelea kuona haya.

Wazee wetu, undugu ni kufaana, si kufanana. Watu wa Seattle hawafanani nasi kwa rangi, kwa dini, wala kwa hali ya hewa, nao wana mvua na baridi tusizozijua. Hilo halizuii kitu. Linalozuia ni mkono mmoja kuwa juu siku zote na mwingine kuwa chini siku zote. Ikiwa mkutano huu utakubali kutoa kwanza, hata kidogo, vijana watapata mlango wanaoutaka, nanyi wazee mtakuwa mmeketi mlangoni pale mkijua nini kinatoka na nini kinaingia.

Naliacha jambo hili mikononi mwa mkutano.